Msuli ukikushika mbioni, usikimbilie chumvi

Na DAKTARI WETU

Miaka michache iliyopita niliamua kushiriki mbio za nusu marathoni hapa Nairobi, yaani kilomita 21 na ushei. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwa miezi mitatu, alfajiri kabla ya kwenda kliniki, na mwendo wangu wa kawaida ulikuwa dakika sita kwa kila kilomita. Siku ya mashindano ilipowadia, umati ulipotimka nami nikatimka. Nilimaliza kilomita tano za kwanza kwa dakika 25, nikajiona shujaa.

Katika kilomita ya 17, shavu la mguu wangu wa kulia lilijikunja ghafla likawa gumu kama jiwe. Nilichechemea hatua mbili tatu, kisha nikaanguka kwenye nyasi kando ya barabara. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu alisimama. "Keti vizuri, kijana wangu, nyoosha goti," akaniambia, halafu akashika vidole vya mguu wangu na kuvisukuma taratibu kuelekea kwangu. Baada ya nusu dakika hivi msuli ukalegea. Rafiki yangu aliponifikia alinicheka: "Daktari mzima unasahau kunywa maji!"

Lakini sikuwa nimesahau. Nilikuwa nimekunywa katika kila meza ya maji niliyopita. Kosa langu lilikuwa jingine, nalo ndilo kosa la wengi wanaofika kliniki siku ya Jumatatu baada ya mbio za Jumapili, wakiuliza ni dawa gani itakayowazuia kushikwa na misuli tena.

Siku hizi wakazi wengi wa mijini wanakimbia. Makarani, walimu, wanabenki na akina mama wa makamo huonekana msitu wa Karura na kando ya barabara zetu kuu kabla jua halijachomoza. Hili ni jambo la kupongezwa, kwani mazoezi hupunguza hatari ya shinikizo la damu na kisukari. Hata hivyo, mkimbiaji asiyeujua mwili wake huweza kujidhuru kwa kutafuta tiba pasipo na ugonjwa, au kwa kupuuza ugonjwa akidhani ni msuli tu.

NI KITU GANI HASA?

Kukakamaa kwa misuli ni hali ambapo msuli hujikaza wenyewe, bila ya mwenyewe kutaka, na kukataa kulegea. Maumivu yake ni makali, na ukiugusa msuli utauhisi umevimba na kuwa mgumu. Aghalabu hudumu kwa sekunde kadhaa hadi dakika chache. Misuli inayoathirika zaidi kwa wakimbiaji ni ile ya shavu la mguu, ya nyuma ya paja na ya mbele ya paja, kwa sababu ndiyo inayofanya kazi kubwa zaidi ya kuusukuma mwili mbele.

Kwa miaka mingi sisi madaktari tulifundishwa kwamba chanzo ni kupoteza maji na chumvi kupitia jasho. Fikira hii ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wafanyakazi wa migodini na wa vyumba vya injini za meli, waliofanya kazi ngumu katika joto kali, walipokuwa wakishikwa na misuli. Walipopewa maji yenye chumvi, wengi walipata nafuu. Tangu hapo ikawa kana kwamba ni sheria: ukishikwa na msuli, kunywa maji, ramba chumvi, kula ndizi.

Lakini kuna maswali ambayo fikira hiyo haiwezi kuyajibu. Jasho hutoka mwili mzima. Mbona basi ushikwe na shavu la mguu mmoja, na mkono uwe salama? Na mbona msuli ulegee baada ya kunyooshwa kwa nusu dakika, ilhali hakuna hata tone moja la maji au punje ya chumvi iliyoongezwa mwilini?

Chukua pia mfano wa bingwa wetu Eliud Kipchoge. Tarehe 4 Oktoba 2020 alikimbia marathoni ya London, mashindano aliyokuwa ameshinda mara nne. Siku hiyo alimaliza wa nane. Baadaye alieleza kwamba sikio lake la kulia liliziba, na kwamba alishikwa na misuli ya nyonga na mguu. Siku yenyewe ilikuwa ya baridi na mvua. Jua kali halikuwapo la kulaumiwa.

Wataalamu wa Cape Town, Afrika Kusini, wamelichunguza jambo hili kwa makini. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, walipima damu ya washiriki wa mbio za Two Oceans, ambazo ni za kilomita 56. Waliwalinganisha walioshikwa na misuli na wale ambao hawakushikwa. Walioshikwa hawakuwa wamepungukiwa na maji kuliko wenzao, na tofauti ya chumvi katika damu ilikuwa ndogo mno kuweza kueleza maumivu hayo.

MSULI ULIOCHOKA

Maelezo yanayokubaliwa na wengi siku hizi ni kwamba chanzo kikuu ni uchovu wa msuli wenyewe pamoja na mishipa ya fahamu inayouongoza.

Kila msuli hupokea amri kutoka kwenye uti wa mgongo. Ndani ya msuli mna vipokezi vinavyopeleka habari ya kusema "kaza". Katika kano, mahali msuli unaposhikana na mfupa, mna vipokezi vingine vinavyosema "legeza". Msuli ukiwa na nguvu, habari hizi mbili hulingana, nao hukaza na kulegea kwa zamu. Ukichoka kupita kiasi, sauti ya "kaza" huongezeka na ile ya "legeza" hufifia. Hatimaye msuli hukaza na kubaki hivyo.

Hii ndiyo sababu kunyoosha kunafaulu haraka. Unapounyoosha msuli, unaivuta kano, na ile sauti ya "legeza" huamka tena.

Sasa msomaji ataelewa kosa langu. Miguu yangu ilikuwa imefunzwa kukimbia kilomita moja kwa dakika sita, nami nikaidai ikimbie kwa dakika tano. Tena mbio ndefu zaidi niliyowahi kukimbia mazoezini ilikuwa ya kilomita 12. Katika kilomita ya 17 miguu ililipiza. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Sisemi kwamba maji na chumvi havina kazi. Wako watu ambao jasho lao lina chumvi nyingi, hata fulana ikikauka hubaki na alama nyeupe. Mtu wa aina hii akikimbia kwa saa nyingi katika joto, huweza kushikwa na misuli mingi kwa pamoja, ya miguu, tumbo na hata mikono. Huyo chumvi itamfaa. Lakini kwa mkimbiaji wa kawaida anayeshikwa na msuli mmoja karibu na mwisho wa mbio, mahali pa kwanza pa kutafuta sababu ni mazoezi yake na mwendo wake.

UFANYE NINI UKISHIKWA?

Kwanza, simama. Usijaribu kukimbia juu ya msuli uliokaza kwani unaweza kuchanika.

Pili, unyooshe msuli huo polepole na kuushikilia kwa sekunde 20 hadi 30. Usiuvute kwa kushtukiza wala kwa kurudiarudia kama unayepiga bembea. Ikiwa ni shavu la mguu, keti chini, nyoosha goti, kisha vuta vidole vya mguu vikuelekee. Waweza pia kusimama ukiegemea ukuta au mti, mguu unaouma ukiwa nyuma na kisigino kikigusa ardhi. Ikiwa ni nyuma ya paja, lala chali na mwenzako auinue mguu ukiwa umenyooka. Ikiwa ni mbele ya paja, simama kwa mguu mmoja, kunja goti la pili na kuvuta kisigino kuelekea makalio.

Tatu, msuli ukilegea, ukande taratibu na utembee dakika chache. Kunywa maji kidogo kama una kiu. Ukiendelea na mbio, punguza mwendo, maana msuli uliokaza mara moja uko tayari kukaza tena.

Huenda umesikia kuhusu wanariadha wanaokunywa maji makali ya siki na chumvi yaliyohifadhiwa matango. Watafiti wa Marekani walilijaribu jambo hili mwaka 2010 kwa vijana 10 waliokazwa msuli wa kidole cha mguu kwa umeme. Maji hayo yalifupisha mkazo kuliko maji matupu, lakini kwa haraka kiasi kwamba yasingeweza kuwa yameingia katika damu. Inadhaniwa kwamba ukali wake unapogusa koo huituliza mishipa ya fahamu. Kuonja kidogo hakuna madhara kwa mwenye afya, ila mwenye shinikizo la damu asifanye mazoea ya chumvi nyingi hivyo.

MAJI MENGI YANAWEZA KUUA

Hapa ndipo penye jambo ambalo ningependa kila mkimbiaji alikumbuke. Kwa kuogopa misuli, wako wanaokunywa maji chupa baada ya chupa, hata bila kiu. Figo hushindwa kuyatoa, sodiamu katika damu hupungua, na ubongo huanza kuvimba.

Mwaka 2002, watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston, Marekani. Asilimia 13 walikuwa na upungufu wa sodiamu, na watatu kati yao walikuwa katika hatari kubwa. Waliokuwa katika hatari zaidi ni wale walioongezeka uzani wakati wa mbio, jambo linaloonyesha kwamba walikunywa kuliko walivyotokwa na jasho. Katika mashindano hayohayo, mwanamke wa miaka 28 alifariki kutokana na hali hiyo.

Basi kunywa kufuatana na kiu. Kwa wengi wetu hiyo ni kama nusu lita kwa saa, zaidi kidogo kukiwa na joto. Njia rahisi ya kujijua ni kujipima uzani kabla na baada ya mazoezi ya saa moja. Ukipungua kilo moja, umepoteza takriban lita moja ya maji. Mtu wa kilo 70 akipungua kilo moja au kilo moja na robo hana haja ya kuhofu. Lakini ukirudi ukiwa mzito kuliko ulivyoondoka, umekunywa kupita kiasi.

KINGA NI BORA KULIKO TIBA

Mambo yafuatayo yatakusaidia zaidi kuliko kidonge chochote:

Ongeza masafa polepole. Kanuni inayotumiwa na makocha wengi ni kutozidisha kilomita za wiki kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Anayejiandaa kwa kilomita 21 awe amewahi kukimbia kilomita 16 hadi 18 mazoezini. Katika wiki mbili za mwisho, punguza mazoezi ili miguu ipumzike.

Zoea mwendo utakaoutumia. Ikiwa unakusudia kukimbia kwa kasi siku ya mashindano, fanya sehemu ya mazoezi kwa kasi hiyo. Ikiwa njia ina milima, fanya mazoezi milimani. Msuli hauwezi kufanya usilofundishwa.

Anza taratibu. Kilomita tatu za kwanza zikuonekane rahisi mno. Wale wanaokupita mwanzoni, wengi wao utawakuta mbele ya safari wakiwa wameketi kando ya barabara.

Imarisha misuli. Simama kwenye ngazi kwa ncha za vidole, inua visigino juu na kuvishusha polepole. Fanya mara 15, pumzika, kisha rudia mara mbili. Fanya hivi siku tatu kwa wiki.

Kula vyema. Msuli uliokwisha akiba ya wanga huchoka mapema. Wanariadha 10 wa Kenya waliochunguzwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004 walipata zaidi ya robo tatu ya nguvu zao kutokana na wanga, nao walikula vyakula vyetu vya kawaida kama ugali na chai ya maziwa yenye sukari. Wewe pia huhitaji vyakula vya bei ghali. Ugali, viazi, mchele, githeri na ndizi vinatosha. Kwa mbio zinazozidi saa moja na nusu, kula au kunywa kitu chenye sukari njiani.

Lala vya kutosha, na ujihadhari na joto usilolizoea. Mkazi wa Nairobi anayeshuka Mombasa kukimbia atahitaji siku 10 hadi 14 ili mwili uzoee. Akikosa nafasi hiyo, apunguze mwendo.

DAWA ZA KUTAHADHARI NAZO

Wako wanaotumia kwinini, dawa ya malaria, kuzuia misuli kukaza. Dawa hii huweza kudhuru mapigo ya moyo na chembe za damu, na tangu mwaka 2006 idara ya dawa ya serikali ya Marekani imekuwa ikionya isitumiwe kwa sababu hii. Usiitumie.

Wengine humeza diclofenac au ibuprofen kabla ya mbio ili wasisikie maumivu. Mkimbiaji aliyetokwa na jasho jingi tayari figo zake zina kazi ngumu, na dawa hizi huziongezea mzigo. Vidonge vya magnesiamu navyo vinauzwa kwa wingi, ila kwa mtu anayekula vizuri havijathibitishwa kuwa na faida kubwa.

Kwa upande mwingine, dawa unazotumia kwa ugonjwa mwingine huenda ndizo chanzo. Vidonge vya shinikizo la damu vinavyoongeza mkojo, na baadhi ya dawa za kupunguza mafuta katika damu, huweza kuleta maumivu ya misuli. Usiziache kwa hiari yako. Mweleze daktari wako kwamba unakimbia, naye ataona la kufanya.

SI KILA MAUMIVU NI MSULI

Mwanamume mmoja wa miaka 46 alikuja kwangu siku sita baada ya mbio. Usiku wa siku ile ya mashindano alisafiri kwa basi hadi Pwani, akakaa kitini saa nyingi. Kesho yake shavu la mguu lilianza kuuma. Aliamini ni msuli, akawa anakandwa kila jioni kwa mafuta ya moto. "Ni msuli tu, Daktari," aliniambia, "lakini siku hizi nikipanda ngazi napungukiwa na pumzi."

Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba kuliko mwingine na ulikuwa na joto. Haukuwa msuli. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa wa mguu, na kipande kilikuwa kimekatika na kufika mapafuni. Nilimpeleka hospitali saa hiyohiyo. Alipona, na leo anakimbia tena, lakini angalichelewa siku nyingine mbili sijui tungezungumza mambo gani.

Kumbuka kwamba mkazo wa msuli huisha kwa dakika, ingawa msuli huweza kuuma kidogo kwa siku moja au mbili. Nenda hospitali bila kukawia ukiona lolote kati ya haya:

Mguu mmoja umevimba, una joto na unauma kwa siku kadhaa, hasa baada ya safari ndefu. Au una maumivu ya kifua na unapungukiwa na pumzi. Usikubali kukandwa.

Mkojo umekuwa mweusi kama soda ya kola, na misuli inauma sana na kukosa nguvu. Huenda misuli imevunjikavunjika na figo ziko hatarini.

Mkimbiaji anaumwa na kichwa, anatapika au anachanganyikiwa. Ikiwa alikuwa akinywa maji mengi, usimwongezee mengine. Ikiwa mwili unawaka joto, mtoe juani na mmwagie maji baridi mwilini huku mkitafuta gari.

Ulisikia kitu kama mlio au pigo nyuma ya mguu, na sasa huwezi kusimama kwa ncha za vidole. Huenda kano imekatika. Usiunyooshe mguu huo.

Hali kadhalika, anayeshikwa na misuli mara kwa mara hata akiwa amepumzika apimwe sukari, figo na tezi ya shingo.

Mwaka uliofuata nilirudi katika mbio zilezile. Nilikuwa nimekimbia kilomita 18 mazoezini mara tatu. Nilianza taratibu, dakika sita na nusu kwa kilomita, huku vijana na hata akina mama waliobeba simu mkononi wakinipita. Katika kilomita ya 17 niliitazama ile nyasi niliyoanguka. Palikuwa na kijana ameketi, ameshika mguu, uso umekunjamana. Nilisimama, nikamwambia anyooshe goti.